Ngiri ya kinena kwa mtoto mchanga: kwa nini haingojewi kama ya kitovu

Swali: Mwanangu wa kiume ana miezi mitano na uzito wa kilo 6.5. Alizaliwa mimba ikiwa na wiki 34. Kwa wiki tatu sasa, akilia au akijikamua kupata choo, uvimbe hutokeza kwenye kinena cha kulia, akitulia unapotea. Daktari amesema ni ngiri na ametupangia upasuaji baada ya siku kumi. Kitovu chake nacho kimetokeza, lakini hicho ametuambia tukiache. Mama mkwe anasema ngiri za watoto hujifunga zenyewe, tusimpeleke mtoto kisuni bure. Babu yake aliwekewa wavu kwa ngiri na bado ilirudi. Ninachoogopa zaidi ni nusukaputi, maana nimesoma kwamba inaharibu ubongo wa mtoto. Tungoje au tumpeleke?

Jibu: Mpelekeni, na tarehe mliyopewa msiiahirishe, isipokuwa mtoto akiugua kabla ya siku hiyo. Mama mkwe wako hajakosea kabisa: anachosema ni kweli kwa kitovu. Kosa ni kukihamishia kwenye kinena. Ngiri hizi mbili zimeshirikiana jina tu. Chanzo chake, hatari yake na mwisho wake havifanani.

Korodani za mtoto wa kiume huumbwa juu tumboni, karibu na figo. Katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito huteremka, hupenya kinena na kuingia kwenye mfuko wake. Utando laini uliotandikwa ndani ya tumbo hutangulia njia hiyo, ukajichomoza kama kidole cha glavu. Kazi ikiisha, kidole hicho hutakiwa kusinyaa na kujiziba, karibu na siku za kuzaliwa au miezi michache baadaye. Kisipojiziba, inabaki njia ya wazi kutoka tumboni hadi kinenani. Ikiwa nyembamba hupitisha maji tu, na hiyo ndiyo ngiri maji. Ikiwa pana kiasi cha kupitisha utumbo, hiyo ndiyo ngiri aliyo nayo mwanao. Korodani ya kulia huchelewa kushuka kuliko ya kushoto, kwa hiyo njia yake nayo huchelewa kufungwa: katika ngiri kumi za watoto, takribani sita huwa kulia, tatu kushoto, na moja pande zote mbili. Mtoto aliyetoka kwenye wiki ya 34 alitoka kazi hiyo ikiwa bado inaendelea, ndiyo maana watoto njiti hupata ngiri mara nyingi zaidi kuliko waliotimiza miezi.

Kwa hiyo hakuna mtu aliyesababisha hii ngiri. Si kilio, si kikohozi, si namna ulivyombeba. Kilio hakiifanyi ngiri. Kinaionyesha tu, kwa sababu mtoto akilia tumbo hukaza na kusukuma utumbo uingie kwenye njia ambayo tayari ilikuwepo.

Hapo ndipo ilipo tofauti na ya babu. Ngiri ya mtu mzima kwa kawaida ni ukuta wa tumbo uliochakaa na kulegea, ndiyo maana hutiwa kiraka cha wavu. Ukuta wa mwanao ni mzima. Kinachohitajika ni kuifunga njia pale inapoanzia, basi. Wavu hautumiki kwa mtoto wa umri huu: hauhitajiki, na tena haukui pamoja naye. Usiipime ngiri ya mwanao kwa kilichompata babu yake.

Sasa kitovu. Pale kamba ya uzazi ilipopita panabaki tundu katikati ya misuli ya tumbo, na tundu hilo huendelea kujikaza kwa miaka. Kwa watoto walio wengi huwa limeziba kufikia miaka minne au mitano. Usihukumu kwa namna ngozi ilivyotokeza, maana kitovu kinachochomoza kama kidole gumba kinaweza kuwa na tundu dogo sana. Mtoto akiwa ametulia, kirudishe ndani polepole kwa ncha ya kidole chako kidogo, kisha upapase ukingo. Tundu lenye upana usiozidi sentimita moja mara nyingi hujifunga; likizidi sentimita moja na nusu hadi mbili, uwezekano hupungua, na upasuaji huja kufikiriwa akiwa na miaka minne au mitano. Utumbo kunaswa kwenye kitovu cha mtoto ni jambo la nadra. Msimbandike plasta, wala sarafu, wala kumfunga mkanda tumboni: tundu haliharakishwi na hivyo vyote, ila ngozi iliyo chini huchubuka na kufanya kidonda.

Kinenani mambo ni kinyume. Utumbo ukishaanza kupita, njia haitegemewi kujifunga tena. Mdomo wake ni mwembamba, tena mgumu, na kando yake hupita mishipa ya damu inayoilisha korodani. Utumbo ukiingia ukavimba, mdomo ule unaubana, na vitu viwili huwa hatarini kwa pamoja: utumbo wenyewe na korodani. Hatari hiyo ni kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza wa maisha, ndiyo maana mtoto wa miezi mitano hupangiwa siku kumi na mtoto wa miaka sita anaweza kupangiwa wiki kadhaa.

Katika siku hizi za kungoja, jifunze kuutambua uvimbe wa kawaida ili ule mbaya usikupite. Wa kawaida ni laini, haumuumi ukiugusa, na hupotea akitulia. Wakati mwingine utasikia mkwaruzo mdogo chini ya kidole hewa na uji wa utumbo vinaporudi ndani. Huo hauna haraka yoyote. Wenye haraka ni ule uliokuwa ukirudi na sasa haurudi: mgumu, umekaza, mtoto analia ukiugusa, anakataa ziwa, anaanza kutapika. Akitapika kijani, tumbo likajaa, ngozi juu ya uvimbe ikawa nyekundu au akatoa damu kwenye choo, ujue utumbo umeziba au umeanza kukosa damu: nenda hospitali moja kwa moja. Kama dalili hizo za mwisho hazijaja, mlaze chali, mtulize dakika chache. Uvimbe usiporudi, nenda hospitali yenye upasuaji saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, na usimnyonyeshe njiani kwa kuwa huenda akahitaji kulazwa usingizi. Usiusukume kwa nguvu wewe mwenyewe. Anayebonyeza kutoka juu huufanya uvimbe utandazike kama uyoga juu ya tundu, na kila akiongeza nguvu ndivyo unavyozidi kukwama. Hospitalini mtoto hupewa dawa ya maumivu na ya kumtuliza, kisha daktari huushika uvimbe kwa vidole vya mikono miwili, mmoja ukiinyoosha shingo ya ngiri juu na mwingine ukikamua polepole kutoka chini, bila papara, kwa dakika kadhaa. Mara nyingi hurudi. Akishafaulu, mtoto hulazwa na kupasuliwa baada ya saa 24 hadi 48, uvimbe wa ndani ukiwa umepungua. Usiporudi, anaingia chumba cha upasuaji usiku huo huo, na upasuaji huo si sawa na wa kupangiwa: kifuko cha ngiri (kile kidole cha utando) kilichovimba huchanika kama karatasi mbichi, mishipa haionekani vizuri, na uwezekano wa ngiri kurudi au korodani kudhurika huongezeka. Kinachokimbiwa kwa kuwahi ni hicho.

Kuhusu utambuzi, mara nyingi hahitaji kipimo chochote cha picha. Uvimbe unaokuja na kwenda kinenani, ukaonwa na macho, unatosha. Tatizo ni kwamba siku ya kliniki mtoto huwa ametulia na hakuna kinachoonekana, kwa hiyo mpige picha kwa simu uvimbe ukiwa umetoka, ukionyesha kinena chote na mfuko wa korodani. Picha hiyo ina thamani kuliko maelezo marefu. Mwombe daktari ahakikishe pia kwamba korodani zote mbili zimo mfukoni. Korodani iliyokwama kinenani huonekana kama uvimbe, na kama haijashuka hushushwa katika upasuaji huo huo. Mitoki nayo huleta uvimbe kinenani, lakini hiyo haiji na kwenda kwa kilio. Kipimo cha tochi, kinachodai kwamba uvimbe ukipitisha mwanga basi ni maji, kisikudanganye kwa mtoto mchanga: utumbo wake ni mwembamba mno, nao hupitisha mwanga. Ngiri maji huwa haina kishindo. Hungojewa hadi afike mwaka mmoja au miwili kwa sababu mara nyingi hujinyonya yenyewe. Pengine mama mkwe aliwahi kumwona mtoto wa namna hiyo.

(Kwa wasomaji wenye watoto wa kike: nao hupata ngiri ya kinena, ingawa mara chache kuliko wavulana. Ndani yake mara nyingi huwa si utumbo bali ovari, ambayo huonekana kama kijiuvimbe cha ukubwa wa lozi kisichorudi na kisichouma. Mtoto anaweza kuwa anacheza na kucheka, hata hivyo ovari hiyo inaweza kujisokota, kwa hiyo apangiwe mapema. Kwa wachache sana, kinachopatikana kinenani kwa mtoto mwenye maumbile ya kike ni korodani; madaktari wa watoto wanalijua hilo na hulichunguza.)

Upasuaji wenyewe huchukua kama dakika 20 hadi 40. Ngozi hukatwa sentimita moja na nusu hadi mbili kwenye mkunjo wa chini wa tumbo, ili kovu lizame humo. Baada ya mafuta kuna utando ambao kwa mtoto mchanga ni mnene kiasi cha kudhaniwa kuwa ni ala ya msuli. Chini yake ndipo ilipo ala yenyewe, na ndani zaidi kamba ya korodani. Kifuko cha ngiri hulala mbele ya kamba, kwa upande wa ndani, cheupe na chembamba kama utando ulio chini ya ganda la yai. Nyuma yake vimeng'ang'ania vitu viwili visivyopaswa kubanwa kwa koleo: mishipa ya damu ya korodani, na mrija wa mbegu ambao kwa umri huu hauzidi unene wa uzi mnene. Kuvibandua hivyo viwili kutoka kwenye kifuko bila kuviumiza ndiyo kazi yote ya upasuaji huu. Mengine ni mlango wa kuingilia na kutokea. Kifuko kikishahakikishwa kuwa kitupu, hukatwa, husokotwa, na shina lake hufungwa kwa uzi juu kabisa, pale njia inapotokea tumboni, mara nyingi kwa mafundo mawili. Alama kwamba daktari amefika juu vya kutosha ni mafuta ya njano yanayojitokeza kwenye shingo ya kifuko. Akifunga chini ya hapo, ameacha kisiki, na ngiri inaweza kurudi kupitia hicho kisiki. Kabla ya kushona, korodani huvutwa taratibu irudi chini mfukoni. Ikisahaulika juu, inaweza kugandia kwenye kovu na kuhitaji upasuaji mwingine wa kuishusha. Ngozi hufungwa kwa uzi unaoyeyuka, ulioshonwa kwa chini chini, au kwa gundi ya ngozi. Hakuna nyuzi za kutoa.

Njia nyingine ni ya kamera: kamera ndogo hupitishwa kitovuni, na mdomo wa njia hufungwa kutoka ndani. Faida yake kubwa ni kwamba upande wa pili huonekana papo hapo. Hasara ni kwamba tumbo hujazwa gesi na mtoto huhitaji kuwekewa mpira wa hewa kooni. Zote mbili ni njia nzuri mikononi mwa aliyeizoea. Mkiulizwa mchague nini, chagueni daktari anayefanya watoto wachanga mara kwa mara, na njia mmwachie yeye. Zaidi ya hapo, ulizeni kwanza ni nani atakayemlaza usingizi na ni wapi atakapolala usiku ule. Kwa mwanao hilo lina uzito kuliko ukubwa wa kovu, na sababu ni hii.

Aliyezaliwa njiti anaweza kusahau kupumua kwa sekunde kadhaa ndani ya saa chache baada ya nusukaputi, kwa kuwa sehemu ya ubongo inayoongoza pumzi haijakomaa. Hatari hiyo huhesabiwa kwa umri tangu mimba, si kwa umri tangu kuzaliwa. Fanya hesabu: wiki 34 za mimba, ongeza miezi mitano ambayo ni kama wiki 22, unapata 56. Siku ya upasuaji atakuwa na wiki 57 hivi. Hospitali nyingi huweka mpaka kwenye wiki 60: aliye chini ya hapo na alizaliwa njiti hurudi nyumbani kesho yake, baada ya kulala akiwa amefungwa kipimo cha pumzi na oksijeni kwa saa 12 hadi 24. Mtoto wa umri huo huo aliyetimiza miezi angerudi nyumbani jioni. Kwa hiyo ukiambiwa atalazwa, usidhani kuna ugonjwa mnaofichwa. Na ukiambiwa ataondoka siku hiyo hiyo, uliza kama wamezingatia kwamba alizaliwa wiki ya 34. Upungufu wa damu huongeza hatari hiyo, ndiyo sababu watampima wingi wa damu kabla.

Na je, kwa kuwa ni njiti, si bora kungoja akomae zaidi? Swali hilo lilipimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 kwenye jarida la kitabibu la JAMA uliwagawa njiti wenye ngiri ya kinena: wengine wakapasuliwa kabla ya kutoka wodi ya watoto wachanga, wengine wakangoja hadi wapite wiki 55 tangu mimba. Walioharakishwa walipata angalau tatizo moja kubwa kwa asilimia 28, waliongoja kwa asilimia 18. Lakini tazama mpaka wenyewe: wiki 55. Mwanao ameshaupita. Faida ya kungoja ameshaivuna, kilichobaki upande wa kungoja ni hatari tupu.

Hofu ya ubongo inastahili jibu lake. Mnamo Desemba 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu dawa za nusukaputi kwa watoto walio chini ya miaka mitatu. Onyo hilo linahusu usingizi wa zaidi ya saa tatu, au wa kurudiwa rudiwa. Kwa usingizi mfupi wa mara moja tuna ushahidi mzuri, na kwa bahati umetokana na upasuaji huu huu wa ngiri. Watoto wachanga 722 katika nchi saba waligawanywa kwa kura: nusu walipasuliwa wakiwa macho kwa ganzi ya mgongoni, nusu kwa nusukaputi iliyochukua wastani wa chini kidogo ya saa moja. Walipofika miaka mitano wakapimwa akili. Waliopewa ganzi walipata wastani wa alama 99.08, waliopewa nusukaputi 98.97. Hiyo si tofauti. Ganzi ya mgongoni bado ni chaguo zuri kwa njiti kwa sababu ya pumzi, ingawa nayo haiondoi haja ya kumwangalia usiku kucha, na wakati mwingine haishiki vizuri ikabidi wamlaze usingizi hata hivyo.

Maandalizi ni machache lakini moja likikosewa upasuaji huahirishwa: tumbo tupu. Kanuni ya kawaida ni saa sita tangu maziwa ya kopo au chakula chochote, saa nne tangu ziwa la mama, saa mbili tangu maji matupu. Upasuaji ukiwa saa 2 asubuhi, maziwa ya kopo yaishe saa 8 usiku, ziwa la mwisho saa 10 alfajiri, na kijiko cha mwisho cha maji saa 12 asubuhi, kama wameruhusu. Weka saa ya kengele umwamshe anyonye hiyo saa 10. Wazazi wengi hulala, mtoto akafika chumba cha upasuaji akiwa hajala kwa saa kumi, sukari imeshuka na mishipa haionekani kwa ajili ya kutia kanula (kijirija cha dripu). Hospitali nyingine zimepunguza saa hizo, hivyo fuata karatasi uliyopewa kwenu. Mtoto mchanga aombewe nafasi ya kwanza kwenye orodha ya siku.

Akipata mafua siku chache kabla, piga simu usisubiri kufika. Makamasi mepesi bila homa huenda wakayavumilia. Homa, kikohozi cha kifuani au kukoroma kwa pumzi huahirisha kwa wiki mbili hadi nne au sita, maana koo na mapafu yaliyowashwa hujibana chini ya usingizi. Kuahirisha huko ni kwa sababu, hakufanani na kuahirisha kwa woga; ila katika muda huo dalili za kunaswa nilizotaja uzishike mkononi.

Akiwa bado usingizini atachomwa ganzi ya bupivakaini, ama karibu na mfupa wa nyonga, ama chini ya mgongo juu kidogo ya makalio. Kikomo chake ni miligramu 2.5 kwa kilo, maana yake kwa mwanao hazizidi miligramu 16. Huondoa maumivu kwa saa nne hadi sita, ndiyo maana wazazi hushangaa mtoto akinyonya na kucheza jioni ile. Msingoje iishe ndipo mtafute dawa. Parasetamo ni miligramu 15 kwa kilo kila baada ya saa sita, si zaidi ya mara nne kwa siku. Kwa kilo 6.5 ni kama miligramu 97. Sasa tazama chupa yenu: ikiandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, dozi yake ni mililita 4, ikiandikwa 250 kwa mililita 5, hiyo mililita 4 ni zaidi ya dozi mbili, anapaswa kupata chini kidogo ya mililita 2. Makosa mengi ya dozi nyumbani huzaliwa hapo, kwenye kubadilisha chupa bila kusoma. Pima kwa sirinji ya kunyweshea. Kijiko cha chai kiacheni kwenye chai. Mpe kwa ratiba siku mbili za mwanzo, baadaye akihitaji tu. Msimpe aspirini, wala kodeini.

Kumnyonyesha anza mara akiamka vizuri. Akitapika mara moja au mbili siku hiyo si ajabu. Kidonda kikae kikavu saa 48, kisha aoge haraka haraka bila kulowekwa kwenye beseni kwa wiki moja. Gundi itabanduka yenyewe, msiing'oe. Nepi ikunjwe chini ya kidonda na ibadilishwe mapema, mkojo usikae hapo. Mfuko wa korodani utavimba na pengine kubadilika rangi, nao hupungua polepole ndani ya siku na wiki. Chini ya kovu utapapasa ukingo mgumu kama kamba. Hiyo ni tishu ya kupona na hulainika kwa miezi. Kinachowatisha wazazi zaidi ni uvimbe wa maji unaojitokeza mfukoni siku chache baadaye, wakadhani ngiri imerudi. Uvimbe huo haupandi hadi kinenani, hauongezeki akilia, na kwa kawaida huisha wenyewe. Rudini hospitali akiwa na homa inayozidi 38.5, wekundu unaotambaa, usaha, kutapika kusikokoma, nepi kavu kwa saa nane, au uvimbe unaotoka na kurudi kinenani kama zamani.

Yanayoweza kuharibika, kwa upasuaji uliopangwa: ngiri kurudi kwa takribani mtoto mmoja katika mia, na zaidi kidogo kwa njiti, kidonda kuingia vijidudu, mmoja hivi katika mia, korodani kusinyaa kwa kukosa damu, chini ya mmoja katika mia, mrija wa mbegu kuumizwa, mara chache zaidi ya hapo. Kwa ngiri iliyonaswa, idadi ya korodani zinazosinyaa hupanda. Wiki nne hadi sita baadaye daktari azipapase korodani zote mbili, alinganishe ukubwa na mahali zilipo, na arudie akitimiza mwaka.

Upande wa kushoto haufunguliwi kwa kubahatisha. Katika watoto mia waliofungwa upande mmoja, kama saba hivi huja kutoa ngiri upande wa pili, na kwa njiti ni zaidi. Madaktari wengine hupendelea kuuangalia kwa kamera wakiwa tayari wamemlaza, nalo ni jambo la busara kuliulizia kwa mtoto kama wako. Wasipoangalia, ninyi endeleeni kutazama kinena hicho anapolia, hasa katika mwaka mmoja hadi miwili ijayo. Na kitovu, hata wakijitolea kukifunga papo hapo, kataeni kwa adabu: ni kumwongezea dakika za usingizi kwa jambo ambalo huenda likajimaliza. Mpelekeni kikatazamwe tena akiwa na miaka minne.